Chumvi ya Majimaji Isiyo na Maji

Hakuna jiko lisilokuwa na chumvi, wala hakuna mtoto asiyeijua. Ni kitu cheupe, kikavu, cha chembe chembe. Ukiitia katika kijiko na kukishika juu ya mshumaa, itapasuka-pasuka kwa sauti ndogo, lakini mkono wako utachoka kabla chumvi haijayeyuka. Sababu ni kwamba chumvi ya chakula huyeyuka katika joto la nyuzi 801 za sentigredi, na hali maji huchemka katika nyuzi 100 tu. Kwa hiyo sisi sote tusomao Kemia tumeandika katika madaftari yetu kanuni hii: chumvi na vitu vyote vilivyofanyika kwa ayoni ni yabisi, na huyeyuka katika joto kali sana.

Kanuni hiyo ni nzuri, nasi twaihitaji katika mtihani. Hata hivyo ziko chumvi za kweli, zilizofanyika kwa ayoni tupu, ambazo ni majimaji katika joto la chumbani. Huitwa vimiminika vya ayoni. Wataalamu wamezoea kuiita kwa jina hilo chumvi yo yote iyeyukayo chini ya nyuzi 100, na baadhi yake hazigandi hata zikitiwa katika friji. Nataka kueleza kwa nini mambo yako hivyo, maana naona jambo hili lina faida kwetu kuliko habari yenyewe. Mtu aliyekariri kanuni bila ya kujua sababu yake hushindwa mara anapokutana na kitu kisichoifuata. Bali aijuaye sababu huweza kusema mwenyewe ni wapi kanuni itashika na ni wapi itaachia.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Masomo ya sayansi tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini gazeti hili huenda nyumbani pamoja nasi tunapofunga shule, na wazazi wetu hulisoma. Si vizuri mzazi alipe ada kwa taabu kisha asipate kuonja hata kidogo kile alichokilipia.

Baba yangu hufanya kazi katika mashamba ya chumvi huko pwani. Likizo iliyopita nilipomwambia kuwa iko chumvi ya majimaji isiyo na tone la maji, alitikisa kichwa akanijibu, “Mwanangu, sisi chumvi ikishalowa hatuiiti chumvi tena, twaiita hasara.” Maneno yake yalinionyesha kwamba kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili. Maji ya bahari yana chumvi, lakini hayo ni maji yaliyobeba chumvi. Yakikaa juani katika shamba la chumvi, maji hupaa na chumvi hubaki chini. Kimiminika cha ayoni sicho hicho. Ukikianika juani mwezi mzima hutapata chembe nyeupe chini yake, kwa sababu hamna maji ya kupaa. Chote ni chumvi, tangu juu hata chini. Nilipomweleza hivyo Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi hiyo si chumvi iliyolowa. Ni chumvi iliyokataa kuganda.” Sijapata kusoma maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo.

Sasa, ni nini hata chumvi moja ikubali kuganda na nyingine ikatae? Hatuna budi kuanza na ayoni. Ayoni ni atomu, au fungu la atomu, lililopoteza elektroni au lililopata elektroni za ziada. Lililopoteza huwa na chaji chanya, na lililopata huwa na chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Katika chumvi ya chakula kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na ayoni sita za kloridi, na kila ya kloridi imezungukwa na sita za sodiamu, zote zimesimama katika mistari kama wanafunzi wa shule nzima katika gwaride. Kuyeyusha chumvi ni kuuvunja mpango huo. Joto huzitikisa ayoni mpaka zikaacha mahali pake na kuanza kupishana. Ikiwa mvutano ni mkubwa, joto jingi litahitajika. Ikiwa ni mdogo, joto kidogo litatosha.

Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alionyesha mwaka 1785 jinsi mvutano wa chaji unavyopungua kwa umbali. Ukiuongeza umbali mara mbili, nguvu ya mvutano hubaki robo tu. Basi ayoni zikiwa kubwa, vitovu vyake haviwezi kukaribiana, na mvutano hupungua. Twaweza kuliona jambo hili katika chumvi tatu za kloridi. Kloridi ya sodiamu huyeyuka katika nyuzi 801. Kloridi ya potasiamu, ambayo ayoni yake chanya ni kubwa zaidi, huyeyuka katika nyuzi 770. Kloridi ya sesiamu, iliyo kubwa kuzipita hizo, huyeyuka katika nyuzi 645. Kinyume chake ni oksaidi ya magnesiamu, ambayo ayoni zake ni ndogo na kila moja ina chaji mbili. Hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,800.

Lakini ukubwa peke yake hautufikishi mbali. Tumetoka katika sodiamu hata sesiamu, na bado tuko katika nyuzi 645, joto lililo mbali sana na lile la chumbani. Ayoni zote tulizozitaja ni za duara kama gololi, na gololi hupangika vizuri hata zikiwa kubwa. Ili tupate chumvi ya majimaji yafaa tubadili umbo pia.

Mfano mzuri kuliko yote naona ni wa naitreti ya amoniamu, chumvi ambayo wakulima wengi huijua kwa kuwa hutumika katika mbolea. Ayoni yake chanya ni atomu moja ya naitrojeni iliyozungukwa na haidrojeni nne, karibu sawa na duara. Chumvi hiyo huyeyuka katika nyuzi 170 hivi. Sasa tuondoe haidrojeni moja tu kati ya zile nne, na mahali pake tuweke mkia mfupi wa kaboni mbili, uitwao ethili. Hatukubadili kitu kingine cho chote. Chumvi hiyo mpya huyeyuka katika nyuzi 12! Hapa kwetu ingekuwa majimaji mchana na usiku. Aliyeieleza ni Paul Walden, mkemia aliyezaliwa Latvia, katika taarifa yake ya mwaka 1914. Alikuwa akitafuta chumvi ziyeyukazo katika joto dogo ili apime jinsi zinavyopitisha umeme. Mkia wa kaboni mbili uliishusha chumvi karibu nyuzi 160. Watu hawakuijali sana habari hiyo wakati ule.

Kwa nini mkia mdogo ufanye kazi kubwa hivyo? Katika chama chetu cha sayansi tulifanya mchezo ambao kila mmoja anaweza kuurudia. Tulikusanya viboksi vitupu vya kiberiti tukavipanga katika sanduku la chaki. Viliingia safu juu ya safu, pasipo nafasi, na tulipolitikisa sanduku havikusogea. Kisha tulivitoa, na katika kila kiboksi tukafunga kipande kifupi cha kamba ya katani, kama urefu wa kidole, upande mmoja tu. Tulipojaribu kuvipanga tena, baadhi vilibaki nje. Vilivyoingia vililala ovyo, na tulipotikisa vilicheza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ayoni zenye mkia. Haziwezi kukaribiana sawasawa, tena hazina umbo la kulingana pande zote, kwa hiyo safu zake ni dhaifu na huvunjika kwa joto dogo.

Tuliongeza jaribio la pili. Tulifunga kamba ndefu sana badala ya fupi. Hapo jambo likageuka: kamba zilishikana zenyewe kwa zenyewe, na ulipoinua kiboksi kimoja vilikuja vitatu. Nalo hili lina mfano wake katika kemia. Mikia ya kaboni nayo huvutana, ingawa kwa nguvu ndogo. Mkia ukiwa mfupi, kazi yake ni kuharibu mpango. Ukiwa mrefu kupita kiasi, mikia hulaliana sambamba na kuanza kuujenga mpango upya. Kwa hiyo kiwango cha kuyeyuka hushuka kadiri mkia unavyorefuka, hufika chini kabisa katika mikia ya kiasi, kisha hupanda tena mikia ipitapo kaboni kumi hivi. Yenye mikia ya kiasi, kama kaboni 4 hata 8, mara nyingi haifanyi fuwele hata ikipoozwa sana, bali huwa nzito mpaka ikageuka kama kioo.

Siku hizi ayoni chanya inayotumika sana katika vimiminika hivi huitwa imidazoliamu. Ni pete ya pembe tano, yenye kaboni tatu na naitrojeni mbili. Katika naitrojeni moja umefungwa mkia wa kaboni moja, na katika ya pili mkia wa kaboni mbili au zaidi. Kwa hiyo pande zake mbili hazilingani. Tena chaji yake chanya haikukaa mahali pamoja, bali imesambaa katika pete nzima. Gunia likibebwa na mtu mmoja hulemea bega moja, lakini likibebwa na watano hakuna bega linalolemewa sana. Chaji iliyosambaa vivyo hivyo huvuta kwa udhaifu mahali po pote utakapoigusa.

Tuchukue pete hiyo yenye mkia wa kaboni mbili, tuiache vile vile, na tubadili ayoni hasi tu. Ikiunganishwa na kloridi, iliyo ndogo na yenye chaji iliyokusanyika, chumvi huyeyuka katika nyuzi 80 hivi. Ikiunganishwa na tetrafluoroboreti, yaani boroni moja yenye fluorini nne zinazogawana chaji, huyeyuka kama katika nyuzi 15. Na iko ayoni nyingine kubwa, yenye mikono miwili inayopindika, nayo chaji yake imefichwa katikati ya mikono hiyo. Wataalamu hufupisha jina lake wakaandika NTf2. Chumvi yake huyeyuka chini ya nyuzi sifuri.

Lakini msomaji makini asidhani kuwa kila lililo kubwa lazima lishuke. Heksafluorofosfeti, yenye fluorini sita, ni kubwa kuliko tetrafluoroboreti, na chumvi yake na pete ile ile huyeyuka katika nyuzi 60 hivi, si chini ya 15. Kwa nini? Kwa sababu ni gumu, halipindiki, na umbo lake limelingana pande zote, kwa hiyo hupangika vizuri. Ukubwa huvuta upande huu, na ulinganifu huvuta upande ule. Ndiyo maana nimesema kukariri hakutoshi. Yafaa tupime sababu zote pamoja: ukubwa, umbo, kusambaa kwa chaji, na mkia.

Sababu hizo hizo hutawala tabia nyingine za vimiminika hivi. Ya kwanza ni uzito wa kutiririka, uitwao mnato. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Kimiminika cha pete yenye mkia wa kaboni 4 pamoja na NTf2, katika nyuzi 25, kina mnato wa zaidi ya mara 50 ya maji. Ukiweka heksafluorofosfeti mahali pa NTf2, mnato hufika karibu mara 300. Na mkia ukirefuka, mnato huongezeka, kwa kuwa mikia hushikana. Jambo hili lina uzito katika kazi, maana kimiminika kizito hupita katika mabomba kwa taabu, na ayoni zake huogelea polepole, hata umeme hupita kwa uhafifu. Wengi hudhani kuwa chumvi tupu ya majimaji lazima ipitishe umeme kuliko maji ya bahari, kwa kuwa yote ni ayoni. Vingi kati ya vimiminika hivi havifanyi hivyo. Ayoni ziko tele, lakini njia imejaa.

Ya pili ni kuchanganyika na maji. Pete yenye mkia wa kaboni 4 ikiwa na tetrafluoroboreti huchanganyika na maji kabisa katika joto la chumbani. Pete hiyo hiyo ikiwa na heksafluorofosfeti hukataa, na kwa kuwa ni nzito kuliko maji hukaa chini yake, kama vile maji yakaavyo chini ya mafuta ya taa. Ayoni moja tu imebadilishwa, na tabia imegeuka.

Ya tatu ni kutopaa. Petroli na spiriti huachia mvuke upesi kwa sababu molekuli zake hazikushikana kwa chaji. Katika vimiminika vya ayoni mvutano wa chaji, ijapokuwa umepunguzwa, bado watosha kuzuia ayoni zisiondoke. Ndiyo maana havina harufu ya mvuke wala havishiki moto kwa urahisi kama spiriti. Zamani ilisemwa kuwa havipai kamwe, lakini mwaka 2006 wataalamu walionyesha kwamba baadhi yake vyaweza kugeuzwa mvuke na kukusanywa tena, katika joto kali na kanieneo ndogo.

Pengine mtu atauliza, kuna faida gani? Nitataja mbili. Mwaka 2002 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kuwa kloridi ya imidazoliamu yenye mkia wa kaboni 4 huyeyusha selulosi, kitu ambacho pamba na karatasi zimefanyika kwacho. Selulosi haiyeyuki katika maji. Kama ingeyeyuka, mashati yetu yangekwisha siku ya kufua. Ayoni za kloridi hushika sehemu zile ambazo nyuzi za selulosi hushikana, zikaziachanisha. Angalia basi: kloridi ile ile iliyoonekana mbaya kwa kupandisha kiwango cha kuyeyuka ndiyo iliyofaa kwa kazi hii. Hakuna ayoni bora kwa kila kazi.

Faida ya pili ni ya kiwandani. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikuwa na kazi ambayo hutoa tindikali, nayo ilipozuiwa kwa dawa ya kawaida ilifanya chumvi yabisi nzito kama uji mgumu, ngumu kuichuja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walibadili dawa, wakapata chumvi iyeyukayo katika nyuzi 75. Katika joto la kazi yao chumvi hiyo ni majimaji, na hujitenga yenyewe katika tabaka lake, ikaondolewa kwa bomba.

Sasa yafaa niseme la tahadhari, maana sifa zikizidi hudanganya. Kwa kuwa vimiminika hivi havipai hewani, wengine walianza kuviita salama vyote. Kutopaa si sawa na kutokuwa na sumu. Heksafluorofosfeti ikikutana na maji yaweza kuharibika polepole na kutoa floridi ya haidrojeni, ambayo hula hata kioo. Na mikia ile mirefu, ikimwagika mtoni, huwa na sumu zaidi kwa viumbe vya majini kuliko mifupi. Hapa pia umbo ndilo linaloamua. Tena nawasihi wadogo zangu, mtu asijaribu kuyeyusha mbolea kwa sababu ameisoma katika makala haya. Naitreti ya amoniamu ikipashwa moto yaweza kulipuka, nayo imekwisha kuua watu wengi duniani. Viboksi vya kiberiti vitawatosha.

Wanafunzi wenzangu wa Kidato cha I na cha II, mtakapoulizwa katika mtihani juu ya tabia za chumvi, andikeni ya kwamba huyeyuka katika joto kali, maana chumvi nyingi ziko hivyo. Lakini msiishie hapo. Ongezeni sababu: kwa kuwa ayoni zake ni ndogo, chaji yake imekusanyika, na hupangika vizuri. Mkiandika hivyo, siku mtakapoletewa chumvi ya majimaji hamtababaika. Mtauliza tu, “Ayoni zake zina ukubwa gani, na umbo gani?” Kuuliza si ujinga.

Sisi wa Kidato cha IV tutaondoka mwisho wa mwaka huu. Viboksi na kamba tumeviacha katika kabati la maabara, rafu ya chini. Bado hatujajaribu kufunga mikia miwili isiyolingana urefu katika kiboksi kimoja. Nani atatuambia vingapi vitaingia?

Mwanafunzi, Kidato cha IV